Vitamini C kwa simbilisi: namna ya kuwalisha wakati wa kiangazi mkoani Kigoma

Simbilisi, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya asiye na mkia anayeitwa kwa Kiingereza guinea pig, anafugika kwa gharama ndogo kuliko karibu kila mnyama mwingine wa nyumbani. Hahitaji zizi kubwa, hula majani ambayo watu huyakata na kuyatupa, na jike lake huzaa watoto waliokwisha kuota manyoya na kufumbua macho baada ya mimba ya siku 59 hadi 72. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Kivu Kusini, familia nyingi humfuga kwa ajili ya kitoweo na ya kupata fedha ndogo za haraka. Kwetu Kigoma pia anafugwa, ama katika banda la mbao nyuma ya nyumba, ama sakafuni jikoni karibu na mafiga, ambako huokota maganda ya ndizi na majani ya mboga yanayoanguka wakati wa kupika. Kwa miezi ya mvua hali hiyo humtosha. Taabu huanza Juni, mvua inapokuwa imekatika na nyasi zimegeuka rangi, kwa sababu mfugaji huanza kumpa nyasi kavu na pumba za mahindi, na baada ya wiki chache simbilisi huanza kufa mmoja mmoja. Wengi husema ni homa au baridi ya usiku. Mara nyingi ni kiseyeye, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C, na unaweza kuzuiwa kabisa kwa vitu vinavyopatikana katika soko lolote la mkoa huu.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba mwili wa simbilisi hauwezi kutengeneza vitamini C. Sungura, mbuzi, ng'ombe na kuku huitengeneza wenyewe kutokana na sukari iliyomo mwilini, lakini simbilisi, kama binadamu, amekosa kimeng'enya kimoja kinachokamilisha kazi hiyo katika ini. Tena mwili wake hauiweki akiba ya maana. Kinachozidi hutoka na mkojo. Kwa hiyo mfugaji anayempa simbilisi majani mabichi mengi siku ya Jumapili, kisha akampa pumba tupu hadi Jumapili nyingine, hajamsaidia sana. Vitamini hii lazima iingie mwilini kila siku, au siku mbili zisipite bila kuipata. Hii ndiyo sababu ufugaji wa simbilisi haufanani na ufugaji wa sungura, ingawa wote wawili wanakula majani na wengi huwafuga katika banda moja. Chakula cha vidonge kinachouzwa kwa ajili ya sungura hakiongezwi vitamini C, kwa sababu sungura haihitaji kutoka nje. Simbilisi akilishwa hicho peke yake atashiba na atapata kiseyeye akiwa ameshiba.

Ukweli huu ulijulikana kwa njia ambayo mfugaji wa leo anapaswa kuikumbuka. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakiwalisha simbilisi nafaka tupu wakichunguza ugonjwa mwingine uliokuwa ukiwasumbua mabaharia. Simbilisi hao walipata kiseyeye kama cha binadamu, na walipopewa kabichi mbichi na matunda walipona. Nafaka tupu ndiyo pumba zetu za mahindi na za mpunga. Anayelisha pumba na nyasi kavu peke yake mwezi wa Agosti anarudia jaribio lile bila kukusudia.

Sasa tuje kwenye kiasi. Simbilisi mzima asiye na mimba huhitaji angalau miligramu 10 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha huhitaji takribani miligramu 30 kwa kilo. Simbilisi wengi wa kwetu waliokomaa hawafiki kilo moja. Kwa kuwa si rahisi kupima kila mmoja kila asubuhi, na kwa kuwa sehemu ya vitamini hupotea majani yakinyauka, napendekeza mfugaji ashike kipimo kimoja kilicho juu kidogo ya kima cha chini: miligramu 20 kwa kila simbilisi mzima, na 30 kwa kila jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Ziada ya vitamini C inayotokana na majani na matunda haimdhuru.

Miligramu hizo hupatikana wapi? Chanzo bora tulicho nacho, na kinachodharauliwa kuliko vyote, ni pera. Gramu 100 za pera lililoiva zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, yaani karibu mara nne ya chungwa. Kipande cha gramu 10, ambacho ni kama ncha ya kidole gumba, kinatosha simbilisi mmoja kwa siku nzima, na pera moja la wastani laweza kugawiwa simbilisi watano au sita. Mapera yanayoanguka chini ya mti na kuachwa kwa nzi, mradi hayajaoza, yangeokoa mabanda mengi. Pilipili hoho hufuata: mbichi ya kijani ina kama miligramu 80 kwa gramu 100, na ile iliyoiva ikawa nyekundu ina zaidi ya hapo, hivyo robo ya hoho ya ukubwa wa kawaida hutosha mnyama mmoja. Papai lina kama miligramu 60, na majani mabichi ya mlonge yana kama 50. Mchicha una kama 40 na kabichi chini kidogo ya hapo. Embe lina vitamini C ya kadiri, lakini sukari yake ni nyingi, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha. Karoti, tango na ndizi, ambavyo watu hupenda kumpa simbilisi kwa sababu anavila kwa furaha, vina vitamini C kidogo mno na havifai kuhesabiwa.

Nyasi mbichi zenyewe zina vitamini C, na ndiyo sababu simbilisi wa masika huwa na afya bila mtu kufanya hesabu yoyote. Zikikaushwa, vitamini hiyo hupotea karibu yote. Hata hivyo nyasi kavu zisiondolewe katika chakula. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, na bila kutafuna nyasi ngumu kwa muda mrefu meno hayo hurefuka hadi mnyama ashindwe kula. Pia tumbo lake linategemea nyuzinyuzi ili lifanye kazi. Kwa hiyo katika kiangazi banda liwe na nyasi kavu safi usiku na mchana, na juu ya nyasi hizo mfugaji aongeze fungu la mbichi mara moja au mbili kwa siku. Pumba ziwe kiungo kidogo, si mlo.

Fungu la mbichi ninalolipendekeza kwa simbilisi kumi lina konzi tano hadi sita za majani mchanganyiko, kwa mfano mchicha kidogo, majani ya mlonge na ukoka uliokatwa kando ya maji, pamoja na mapera mawili yaliyokatwa vipande vyembamba au hoho mbili na nusu. Mboga za aina moja zisirudiwe kila siku. Mchicha na spinachi vina oksalati, kitu cha asili cha mimea kinachoshikana na chokaa (kalsiamu), na vikiliwa kwa wingi mfululizo pamoja na vyakula vyenye chokaa nyingi vinaweza kuchangia mawe katika kibofu. Kabichi nyingi huleta gesi tumboni. Kwa hiyo leo toa mchicha, kesho kabichi kidogo, keshokutwa mlonge, huku pera au hoho vikibaki kama msingi wa kila siku. Usambaze chakula sehemu mbili au tatu za banda, kwa sababu dume lenye nguvu hulinda sufuria moja na kuwanyima majike, na jike mwenye mimba ndiye anayehitaji zaidi.

Namna ya kutayarisha ni muhimu sawa na kiasi. Vitamini C huharibiwa na joto, mwanga na hewa. Kata matunda wakati wa kuyatoa, si asubuhi kwa ajili ya jioni. Usichemshe mboga, hata kama nia ni kuua wadudu. Zioshe kwa maji safi na kuzikung'uta. Majani yaliyofungwa ndani ya kiroba hadi yakapata joto na kuanza kunukia uchachu yasitolewe kabisa, kwa sababu licha ya kupoteza vitamini huvimbisha tumbo na kuua haraka. Anayenunua mboga sokoni Mwanga au kando ya barabara jioni, zinaposhuka bei, anafanya vizuri, mradi achague zilizo na uhai na azitumie siku hiyo hiyo.

Kwa anayetaka kujitegemea, kiangazi hupangwa tangu masika. Miche mitatu au minne ya mlonge iliyopandwa Novemba huwa na majani ya kuvuna kiangazi kinachofuata, na mti huo hustahimili ukavu. Hoho hustawi katika gunia lililojazwa udongo na samadi, likiwekwa karibu na jikoni na kumwagiliwa maji yaliyosuuzia mboga. Walio karibu na bonde la mto Luiche, au mabonde mengine yenye unyevu, wanaweza kupata majani mabichi mwaka mzima kutoka kingo za bustani. Hapo pana tahadhari moja: usikate nyasi kando ya shamba la mboga au la tumbaku lililopuliziwa dawa, hata kama ndizo pekee zilizobaki kijani. Simbilisi ni mdogo, na dawa isiyomdhuru mbuzi humuua yeye.

Majani mengine ya kijani hayafai kwa hali yoyote. Majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotoa sianidi, na ingawa yana vitamini C nyingi yasitolewe. Majani na ganda la parachichi ni hatari kwa simbilisi na sungura, na hili nalisisitiza kwa ajili ya wale wa Kasulu na Buhigwe ambako miparachichi imejaa mashambani na matawi yake hukatwa na kulundikwa uani. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya lusina pia yaepukwe.

Dalili za kiseyeye zinaonekana mapema kwa mtu anayetazama. Simbilisi aliyekosa vitamini C kabisa huanza kudhoofika ndani ya wiki mbili hivi, na asiposaidiwa anaweza kufa katika wiki ya tatu au ya nne. Kwanza hupungua uzito na manyoya yake husimama bila kung'aa. Kisha huacha kukimbia. Hii ndiyo dalili ninayoitegemea kuliko zote, kwa kuwa simbilisi mwenye afya akisikia mlango wa banda hukimbia, ama kuja ama kujificha.

Katika nyumba moja karibu na Kasulu, bibi mmoja alinionyesha jike lake lililokuwa limejikunyata pembeni huku wenzake wakitawanyika. Nilipompeleka mkono chini ya kifua ili kumwinua, alilia kabla hata miguu yake haijaacha sakafu. Magoti ya nyuma yote mawili yalikuwa yamevimba na yana joto, na nilipoinua mdomo wa juu kwa kidole, fizi zilikuwa na rangi ya zambarau, na damu kavu ilikuwa kwenye shina la jino. Sakafuni palikuwa na pumba safi na nyasi kavu za kutosha.

"Ni homa, mwanangu, nimempa majivu," alisema.

"Si homa, bibi. Ana njaa ya kitu kibichi. Una mpera hapa?"

Mpera ulikuwapo, nyuma ya choo, na watoto walikuwa wakirushiana mapera yake.

Simbilisi anayeonyesha dalili kama hizo hawezi kungoja afundishwe tena kula majani, kwa sababu mara nyingi kinywa kinamuuma na hamu imekwisha. Mpe vitamini C moja kwa moja kwa kinywa, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hadi apate nafuu. Kwa mnyama wa gramu 800 hizo ni miligramu 40. Vidonge vya vitamini C vya binadamu hufaa, mradi usome kwanza lebo ujue kila kidonge kina miligramu ngapi: kikiwa na 100, chini kidogo ya nusu yake ndiyo dozi. Saga kipande hicho, kichanganye na maji kidogo, kisha kinyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mshike mnyama akiwa amekaa, si chali, ingiza ncha ya bomba pembeni mwa kinywa, nyuma ya meno ya mbele, na sukuma polepole ili ameze asije akapaliwa. Usimlazimishe kutembea, na mwinue kwa mikono miwili, mmoja ukibeba makalio. Akianza matibabu mapema, ndani ya wiki moja utaona anasogea na kula.

Chagua kidonge cha vitamini C peke yake. Vidonge vya vitamini mchanganyiko vina vitamini A na D, ambazo mwili huzihifadhi badala ya kuzitoa, na kumpa simbilisi kipimo cha kutosha vitamini C kutoka kwenye kidonge cha aina hiyo ni kumzidishia hizo nyingine. Vitamini D ikizidi, chokaa hujijenga katika figo, moyo na mishipa. Pia usiweke vitamini C katika maji ya kunywa kama njia ya kila siku. Ikikaa kwenye maji, hasa yaliyo katika chombo cha chuma au mahali penye mwanga, huharibika kwa saa chache. Tena maji yakibadilika ladha simbilisi hunywa kidogo, na katika joto la kando ya ziwa hilo ni hatari kubwa kuliko lile ulilotaka kuzuia.

Kuhusu vitamini nyingine maelezo ni mafupi, kwa sababu mlo wenye majani mabichi huzitosheleza. Vitamini A hutokana na karotini iliyomo katika majani ya kijani, na kipande cha kiazi lishe cha rangi ya chungwa ni nyongeza nzuri mara moja kwa wiki. Baadhi ya wafugaji wa hapa huchanganya mawese na pumba, wakijua kwamba wekundu wake ni karotini. Karotini kweli imo kwa wingi, pamoja na vitamini E, lakini mawese hayana vitamini C, na mafuta mengi huharibu tumbo la mnyama aliyeumbwa kwa ajili ya nyasi. Yabaki kwenye sufuria ya maharage. Vitamini E yenyewe hupotea katika pumba zilizokaa hadi zikanuka mafuta ya zamani, na hiyo ni sababu tosha ya kununua pumba kidogo kidogo badala ya kujaza stoo. Vitamini D hutokana na jua, kwa hiyo banda lipate jua la asubuhi upande mmoja na kivuli cha kudumu upande mwingine, maana simbilisi havumilii joto linalopita nyuzi 30.

Vitamini za kundi B na vitamini K zina njia yake. Bakteria walio katika utumbo kipofu wa simbilisi, yaani kifuko kilicho mwanzoni mwa utumbo mpana, huzitengeneza, kisha mnyama hula kinyesi laini kinapotoka ili azipate. Mfugaji asiyejua hili huona ni uchafu au ni njaa, na wengine hujaribu kumzuia. Aachwe. Banda lisafishwe kwa ajili ya kinyesi kikavu na mkojo, si kwa kuvizia tendo hilo.

Bakteria hao hao ndio wanaofanya dawa za antibayotiki kuwa hatari kwake. Penisilini, ampisilini na linkomaisini, ambazo hupewa kuku na ng'ombe bila wasiwasi, huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi, wabaya wakaongezeka, na mnyama hufa kwa kuhara katika siku chache. Kwa hiyo simbilisi mwenye magoti yaliyovimba asichomwe sindano kabla mtu hajatazama fizi zake na kuuliza amekula nini wiki tatu zilizopita. Ukimwita afisa mifugo wa kata, mweleze mlo wote, siku ulipobadilika na ni wangapi wameugua, na mwambie waziwazi kwamba mgonjwa ni simbilisi. Baada ya siku saba za vitamini C bila nafuu yoyote, au kukiwa na makamasi, kuhara au vifo vya ghafla vya wanyama waliokuwa wakila majani mabichi, tatizo ni jingine na uchunguzi wake uanze upya.